Wajawazito Hawamo

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika kijiji kipya kwenye uwanda wa Hanang, upande wa kwenda Dirma, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini. Siku hizo hapakuwa na Mkoa wa Manyara. Kote huko tulihesabiwa Arusha. Mimi si wa kule. Nilizaliwa milimani Upare, nikaingia Hanang nikimfuata mume wangu. Alikuwa bwana shamba, amepangiwa kuwafundisha watu kupanda mahindi kwa mistari. Watu wenyewe walikuwa Wairaqw walioshuka kutoka Mbulu, na Wabarabaig wenye ng'ombe. Wabarabaig walijenga nyumba moja moja kijijini ili serikali izione, huku wazee na mifugo wakibaki porini.

Nyumba zetu zilipangwa safu mbili, zimetazamana kama wanafunzi wakati wa kukaguliwa kucha. Watu walihamia na walivyokuwa navyo: nguzo za nyumba za zamani, ngozi za kulalia, vibuyu, magunia ya mbegu. Papasi nao wakahama humo humo. Papasi ni kupe asiyeng'ang'ania mwilini. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anatoka mtu akilala, ananyonya, anarudi zake. Homa yake inakushika siku kadhaa, inakuachia mpaka unadhani umepona, kisha inarudi. Mwaka wa kwanza tulizika watu ambao wiki moja kabla walikuwa shambani wakicheka, wakisema homa imewaacha.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama wa Kiiraqw aliyetokea Tumati. Alinizidi umri, na mtoto wake mmoja alikuwa darasani kwangu, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo kila asubuhi na yeye akaniita mwalimu. Alikuwa amesoma kidogo kwa wamisheni na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi. Alinifundisha kuifunga sakafu kwa udongo na majivu ili papasi wasipate mlango. Nyumbani kwake ndiko nilikokunywa maziwa yaliyofukizwa kwenye kibuyu, ambayo kwanza niliyakataa na baadaye sikuweza kulala bila kuyanywa.

Mvua zilipoisha, yakaja mahema. Landrova mbili zilisimama karibu na zahanati, na kufikia jioni kulikuwa na hema la kulaza wagonjwa, hema la hadubini na jenereta iliyounguruma. Aliyekuwa akiongea na watu ni daktari kijana, Mtanzania wa upande wa pwani, mrefu, mwenye kusafisha miwani yake kila alipotaka kufikiri. Aliomba mkutano na mwenyekiti wa kijiji akauitisha shuleni. Mimi niliambiwa niandike ubaoni. Jirani yangu aliambiwa ageuze maneno kwa Kiiraqw, na mzee mmoja ayapeleke kwa Kibarabaig.

Daktari alieleza polepole. Alisema homa ya papasi ina dawa ya zamani, sindano, nayo inatibu. Lakini saa chache baada ya sindano mgonjwa hutetemeka vibaya, joto linapanda, na wako waliofia katika kutetemeka huko. Sasa kuna vidonge vipya. Mahali pengine vimeonekana kutibu kwa upole zaidi, ila haijulikani kama vinaimaliza homa kabisa au vinaificha tu. Kwa hiyo kila mgonjwa atakayekubali ataokota bahasha. Humo ataandikiwa sindano au vidonge, na si daktari wala mgonjwa atakayechagua. Kisha alisema jina la jambo lenyewe: utafiti.

Jirani yangu akasema kitu kwa lugha yake. Watu wakanong'onezana, na mwanamke mmoja wa nyuma akauliza. Jirani yangu akamgeukia daktari.

"Anauliza kimepotea nini."

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka, maana aliona hakuna mwingine anayecheka. Jirani, alipoligeuza neno utafiti, alikuwa amesema wageni hawa wamekuja kutafuta. Sasa nilikuwa na chaki mkononi na sikuwa na neno bora la kumpa. Nilimshauri daktari aseme kujaribu. Akasema wanajaribu dawa. Hapo mke wa katekista akainama na kusema, si kwa hasira, kwamba yeye kila siku anasali asitiwe majaribuni. Nikaona na neno langu limeharibika. Darasani kwangu jaribio lilikuwa lile la Ijumaa, ambalo mwalimu anayajua majibu tayari. Hapa mwalimu mwenyewe alikuwa hajui.

Mzee wa Kibarabaig alisimama akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo, ingawa yeye aliliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mbuzi. Alitaka kujua: daktari akijua dawa ipi ni nzuri, si atawapa hiyo? Daktari akasema ndiyo, angewapa, lakini hajui bado, ndiyo sababu yuko hapa. Mzee akasema kwamba mtabibu wa zahanati yao hajawahi kusema hajui, na kama angesema, wasingempelekea hata mtoto wa jirani. Watu wakaitikia. Nami nilimwonea daktari huruma, kwa sababu nilimwona amesema ukweli na ukweli wenyewe umemshusha.

Akamalizia kwa kusema jambo hili ni la hiari. Mwenyekiti akasimama kumshukuru, akasema naam, ni la hiari, na kijiji kimekubali, na anategemea kila mmoja ataitimiza hiari yake. Watu wakapiga makofi. Kuhamia kijijini pia tuliambiwa ni hiari, na wako waliokuwa wamekaa pale na nyumba zao za zamani zimeezuliwa. Sikujua makofi yale yalimaanisha nini. Sidhani hata waliopiga walijua.

La mwisho, daktari aliniomba niandike ubaoni wale wasiohusika. Nikaandika kwa herufi kubwa za darasa la pili: WATOTO NA WAJAWAZITO HAWAMO.

Wakati huo nilikuwa na mimba inayomaliza mwezi wa tatu. Mume wangu peke yake alijua. Niliandika maneno yale na hayakunichoma popote. Katika shamba la ujamaa pia wajawazito hawakuwemo kwenye kuchimba makinga maji, na tulilichukulia jambo hilo kuwa heshima. Nilidhani na hii ni heshima ya namna ile.

Homa ilinishika mume wangu akiwa semina Katesh. Ilianza darasani. Niliona ubao unakuja na kurudi, nikawaachia watoto waimbe, nikatoka nje na kutapika nyuma ya bustani ya shule. Siku ya pili sikuinuka. Jirani yangu alikuja na kibuyu chake, akanigusa shingo, akasema twende kwenye mahema. Nilijifunga kanga mbili na koti la mume wangu, na katika jua lile bado niliona baridi.

Njiani alinishika mkono na kuniambia nisiseme.

Nilimuuliza nisiseme nini. Akanitazama tumboni. Sikuwa nimemwambia, lakini mwanamke aliyezaa mara nyingi haambiwi. Alisema mimba ya miezi mitatu si habari ya kumpa mwanamume mgeni, kwao haifanyiki. Na tena, wanaoingia mahemani wanalala kwenye vitanda vya turubai na wanapimwa damu asubuhi na jioni, na wanapewa maji ya mshipani wakizidiwa. Zahanati ina benchi.

Daktari alinipokea vizuri. Alinitoboa kidole, akaipeleka damu kwenye hadubini, akarudi akisema wadudu wamejaa. Kisha akaniuliza maswali aliyowauliza wote, na mojawapo likawa kama nina mimba.

Nilisema ndiyo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Sikuwa mtu wa kusema kweli kuliko jirani yangu. Huenda niliogopa vidonge. Huenda niliona aibu, kwa kuwa mkono ulioandika ubaoni ulikuwa wangu. Au homa ilikuwa imenimaliza nguvu za kutunga jambo. Nilisema ndiyo, naye akavua miwani.

"Basi siwezi kukuingiza, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa usalama wako. Vidonge hivi havijajaribiwa kwa mjamzito."

"Na homa yenyewe kwa mjamzito ikoje?"

Alisafisha miwani kwa pindo la koti lake jeupe. "Mbaya zaidi," akasema. "Kwako ni mbaya kuliko kwa mtu yeyote aliyelala humu."

"Sasa mtajuaje kama vidonge vinamfaa mjamzito?"

"Hatutajua. Haturuhusiwi."

Masikio yalikuwa yakivuma, nikadhani kuna sehemu ya maneno sikuisikia. Nikamwomba arudie. Akarudia vile vile, kwa sauti ya chini zaidi. Jirani yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa hema, alinigusa bega na kuuliza kama tumekubaliwa. Nikamwambia hapana. Akauliza kama basi sina ugonjwa. Nikamwambia ninao. Akatutazama wote wawili kwa zamu, kama anavyotazama mtu aliyewakuta wenzake wakigombana kwa lugha asiyoijua.

Daktari alinisindikiza mwenyewe mpaka zahanati. Tulikuwa na dresa mzee kutoka Kondoa, mfunga vidonda na mchoma sindano wetu, Mwislamu mpole aliyeitunza zahanati ile kuliko nyumba yake. Daktari alimwambia anichome sindano, nusu ya kipimo. Kisha akasema hapana, mpe kamili, maana nusu inaweza kumwachia wadudu na homa ikarudi, na ikirudi katika hali hii itakuwa mbaya. Dresa akavuta dawa. Daktari akasema subiri, nusu kwanza, nusu nyingine kesho. Dresa alikaa na bomba lake mkononi akisubiri kama kuna neno lingine, kwa adabu, bila kuguna. Mwishoni alinichoma nusu. Ningekuwa mzima ningeogopa kuona daktari anabadilika hivyo. Lakini nilichofikiri wakati ule ni kwamba yule dresa ana mikono yenye joto.

Kutetemeka kulikuja adhuhuri ile ile. Sijui kukueleza. Meno yaligongana mpaka nikauma ulimi, na benchi liligonga ukuta. Jirani yangu alinilalia miguuni ili nisianguke. Dresa alinipa maji kwa kijiko, yakamwagika shingoni. Daktari alikaa kando yangu, ameshika mkono wangu penye mapigo, anatazama saa. Aliniambia hii ndiyo dawa inafanya kazi, wadudu wanakufa. Nikamuuliza, au nilidhani nimemuuliza, kama mtoto anajua tofauti ya wadudu wanaokufa na mama anayekufa. Aliendelea kutazama saa. Baadaye jirani yangu aliniambia sikuwa nimesema kitu cha kueleweka, nilikuwa nikisema Kipare. Kisha mtu akaja mbio kutoka kwenye mahema, kuna mgonjwa amezidiwa, na daktari akaondoka. Alirudi jua linapinda, nikiwa nimelowa jasho na baridi imeniacha. Akapima joto akasema limeshuka. Alionekana mtu aliyechoka kuliko mimi.

Siku iliyofuata nilichomwa nusu ya pili na sikutetemeka sana. Homa ikaniacha. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu. Kesho yake nikiwa nachambua maharage mlangoni nilihisi maumivu ya kiuno, na kabla jirani hajafika mimba ilikuwa imetoka. Alichukua kila kitu akakizika nyuma ya nyumba yake, si yangu, ili nisiwe napaona.

Mume wangu aliporudi kutoka Katesh alisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu vyake tena, akaenda kwenye mahema. Nilimwita arudi, hakurudi. Alikuwa mtu wa hasira fupi. Nilikaa nikisubiri kusikia kelele na sikusikia. Alipokuja alikaa kitini.

"Nilikwenda kugombana naye," akasema, "nikamuuliza ni homa iliyofanya hivi au ni sindano. Akasema hajui. Nikamuuliza na vidonge je, vingemwokoa? Akasema hajui. Sasa mtu asiyejua utagombana naye vipi?"

Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Katika wiki zile niliamini kabisa kwamba vidonge vingeniponya na mtoto angebaki, na kwamba nilinyimwa kwa sababu ya maneno niliyoyaandika mwenyewe ubaoni. Niliwaona watu wakitoka mahemani wamepona, nikasema moyoni, hao ni wa vidonge. Sikumuuliza hata mmoja. Na mmojawapo akawa jirani yangu. Homa ilimshika majani yalipokuwa yakikauka, akaingia kwenye hema, akakaa siku kadhaa, nami nikawapikia watoto wake ugali. Alitoka amekonda, anatembea taratibu, lakini mzima. Nilifurahi kwa dhati, na pamoja na furaha kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikifunika haraka.

Kisha tumbo lake likaanza kuonekana.

Mwanzoni nilidhani ni maziwa na kupumzika. Halafu siku moja alijinyoosha kutwika mtungi na kanga ikakaza, nikaona. Nikahesabu kwa vidole nyuma yangu, kama wanafunzi wangu wanaodhani siwaoni. Alikuwa nayo alipoingia mahemani. Usingizi ulinikataa mpaka nikaenda kwake asubuhi, nikamkuta zizini akikamua, nikasahau hata kumwamkia.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza. Nilisema hapana." Aliendelea kukamua, mbuzi wake amembana kati ya magoti. "Nilikuona wewe ulivyosema ndiyo, mwalimu."

Sikuwa na la kumlaumu na bado nilimlaumu. Nilimwambia kwamba kama ningefuata shauri lake na mimi ningepewa vidonge kama yeye. Aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Vidonge gani? Mimi niliokota bahasha ya sindano. Nilitetemeka kama wewe."

Nilisimama pale katika zizi la mbuzi nikiwa sina pa kuishika hasira yangu. Sindano ile ile. Ugonjwa ule ule, pengine hata miezi ile ile ya mimba. Yeye alikuwa kwenye kitanda cha turubai na maji ya mshipani, mimi kwenye benchi. Lakini yeye pia alikuwa mwenye damu nzito, amezaa watoto wengi, na mimi ilikuwa mimba ya kwanza. Au alichomwa kamili mara moja, na mimi nusu mbili. Au si lolote katika hayo. Kila nililolishika lilinitoka. Aliniita nikae, akanipa maziwa, nikanywa nikilia. Naye aliendelea kukamua mbuzi mwingine, jambo ambalo nilimshukuru.

Daktari alipita mara ya mwisho kabla mahema hayajang'olewa, kupima damu ya wote walioshiriki kuona kama homa imewarudia. Jirani yangu alikwenda kupimwa akiwa na tumbo lake mbele, wala hakujaribu kulificha. Alasiri daktari alikuja kwangu. Mume wangu alikuwa shambani. Nilimtolea kigoda nje, akakaa, akaisafisha miwani.

Aliniambia amemwona jirani yangu. Alisema amefurahi sana. Kisha akasema kwamba angejua, angemtoa siku ile ile, na sasa hajui amwite nani kati yetu mwenye bahati. Nikamuuliza katika hesabu zao watamwekaje. Akasema hawatamweka. Hakutakiwa kuwemo tangu mwanzo, kwa hiyo damu yake, kutetemeka kwake na kupona kwake vyote vitatolewa.

"Na mtoto akizaliwa mzima?"

"Naye hatakuwemo."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwemo, mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Nilimwambia basi kuna wanawake wawili hapa wenye habari za kuwafaa wajawazito wote wa uwanda huu, na wote wawili hawamo. Akasema wawili hawathibitishi kitu. Hilo nililikubali, hesabu nafundisha. Lakini nilimwambia kwamba kama kila mahali wanaambiwa hawamo, basi hawatafika hata watatu.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Alisema sheria ile haikutungwa na watu wasiojali. Katika nchi za mbali, wanawake wenye mimba walipewa kidonge cha kuwatuliza, kidonge kilichosifiwa kwamba hakina madhara, na watoto wengi wakazaliwa bila mikono, wengine bila miguu. Madaktari waliapa kwamba hilo halitatokea tena. Aliniuliza, kwa upole, kama ningekaa mimi mahali pake, na mbele yangu mwanamke wa miezi mitatu, ningempa vidonge nisivyovijua?

Nilijiona nikimpa. Nilijiona pia nikiitwa baada ya miezi sita kumwangalia mtoto huyo. Mpaka hapo nilidhani mimi na yeye tuko pande mbili za jambo, na kwamba nikisukuma vya kutosha atakubali kosa. Sasa nilimwona ameketi upande wangu, amechanganyikiwa kama mimi, ila yeye ana koti jeupe na inambidi aamue kabla homa haijapanda.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Aliniomba radhi, na sikuelewa ananiomba radhi kwa lipi hasa: kwa kunikataa, au kwa sindano, au kwa kuondoka bila kuniachia jibu. Nilimwambia haya. Siku mbili baadaye nyasi mahali pa mahema zilikuwa zimelala manjano, na mbuzi wakaingia kuzila.

Jirani yangu alijifungua mtoto wa kike mvua za vuli zilipokuwa zikiisha. Nilikuwepo, nilishika taa. Nilimpakata mtoto kabla ya nyanya yake, na niligundua kwamba simwonei wivu. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea na wivu haukuja. Mimi nilipata mimba nyingine mwaka uliofuata, na baada yake mbili zaidi, na wote watatu wako hai. Katika mimba zile sikushikwa na homa ya papasi, kwa hiyo sikupata kujua lolote jipya. Majibu ya utafiti hayakuletwa kijijini. Miaka baadaye dresa wetu alipokea shehena ya vidonge vya homa ile, na kwenye sanduku palikuwa na maelezo ya kutowapa wajawazito. Nilimuuliza kama ni vile vile vya mahemani. Akasema Mungu ndiye ajuaye, rangi ya kopo imebadilika.

Nilikuwa nimeshaingia kwenye kamati ya afya ya kijiji wakati walipokuja wengine, hawa wa ugonjwa wa macho. Walikuwa na mafuta ya kupaka machoni mwa watoto, na walitaka nyumba za safu moja zipakwe na nyumba za safu ya pili zisubiri mwaka mzima, ili waone tofauti. Mwenyekiti alikuwa mpya, mtu mchangamfu aliyependa mikutano ifupike. Alisema kabla kijiji hakijakubali, tumsikilize mwalimu, kwa sababu ana uzoefu wa mambo haya.

Nilisimama. Niliwauliza wageni wale safu ya pili itafanya nini watoto wakianza kuwa vipofu kabla mwaka haujaisha. Wakasema watoto hao watapelekwa hospitali. Niliwauliza mafuta yakiwaunguza wa safu ya kwanza itakuwaje. Wakasema hayaunguzi, kadiri wanavyojua. Niliwauliza mbona basi hawawapaki wote. Wakanieleza, na maelezo yalikuwa mazuri, na nikayaelewa, nikaelewa pia macho ya mama mmoja wa safu ya pili aliyekuwa amempakata mtoto mwenye tongotongo na nzi. Nyumba yangu ilikuwa safu ya kwanza.

"Mwalimu, unasemaje?" mwenyekiti akauliza. "Tukubali au tukatae?"

"Mimi sijui," nikasema. "Kweli sijui."

Nilikusudia kuendelea. Nilitaka kusema kwamba kutojua kwangu si ndiyo wala si hapana, na kwamba labda tuwaulize kwanza wa safu ya pili, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshamgeukia katibu, akamwambia aandike kwamba mwalimu hana pingamizi, na watu wakaanza kuinuka na kukung'uta vumbi kwenye kanga.